Riziki ya Dalali Asiyeuliza



Siku hizi ziko nyumba nyingi katika pwani yetu, toka Lamu mpaka Kilwa, na Unguja na Pemba, ambazo chakula chake chatoka, kwa uchache au kwa wingi, katika kazi ambayo babu zetu hawakuijua. Kijana hufungua tovuti katika intaneti, akaandika humo habari, au matokeo ya mpira, au mapishi, au mawaidha, kisha akakodisha nafasi katika kurasa zake kwa wenye matangazo. Kazi hii kwa asili yake haina ubaya. Mwenye tovuti ni kama mwenye ukuta ulio kando ya njia. Wapita njia ni wengi, mwenye duka ataka kubandika karatasi yake ukutani, naye hulipa kodi. Kukodisha ukuta ni halali, na ujira wake ni halali.

Basi ugomvi wangu si na kazi hii. Ugomvi wangu ni na hila moja iliyoingia ndani yake, ambayo vijana wetu wafundishana wao kwa wao kana kwamba ni maarifa, na sisi wazee tumeinyamazia kwa kuwa hatukuielewa. Nataka niieleze kwa maneno mepesi, kisha niseme kwa nini naiona ni njia ya haramu, wala sitamumunya maneno.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwenye tovuti na mwenye duka aghalabu hawakutani. Kati yao yuko dalali. Dalali mkubwa ajulikanaye duniani ni kampuni ya Kimarekani iitwayo Google, ambayo tangu mwaka 2003 ina huduma ya AdSense. Mwenye tovuti huweka katika kurasa zake maandishi ya kimashine aliyopewa na dalali. Kila msomaji anapofungua ukurasa, nafasi ile hupigwa mnada kwa muda usiofika sekunde moja, na tangazo la aliyeshinda mnada likatokea mbele ya macho yake. Kwa miaka mingi dalali huyo alikuwa akimpa mwenye tovuti dola 68 katika kila dola 100 alizozipata kwa matangazo ya kurasa zake. Neno hili lishike vyema: tangazo lenyewe halichaguliwi na mwenye tovuti. Yeye aweza kufungua ukurasa wake akaona tangazo la viatu, na wewe ukaufungua dakika hiyo hiyo ukaona tangazo la kamari.

Dalali huyu ana masharti yake. Yako mambo aliyoyakataza kabisa, kama uchi ulio wazi na maneno ya kuchochea chuki. Na tangu mwaka 2019 alitenga fungu la pili, la mambo ambayo hakuyakataza lakini ameyawekea mipaka: maneno na picha za kuamsha matamanio, mambo ya kutisha, bunduki, tumbaku, madawa ya kulevya, uuzaji wa pombe, kamari ya intaneti, na mengineyo. Ukurasa wa fungu hili waweza kubaki, ila watangazaji wake huwa wachache au hawapatikani kabisa, na fedha zikakauka. Ama ukurasa uliovunja katazo lenyewe, mwenyewe hutakiwa ausafishe, au ayaondoe matangazo ya Google katika ukurasa huo.

Hapo ndipo hila inapozaliwa. Kijana hajiulizi, "Ukurasa wangu una nini hata ukakataliwa?" Yeye huuliza, "Yuko dalali mwengine asiyejali?" Na madalali wa namna hiyo wako, tena tele. Basi huyaondoa matangazo ya dalali wa kwanza katika ukurasa ule mmoja, akaweka ya dalali wa pili. Kurasa za mawaidha hubaki na yule mkali, na kurasa za upuuzi hupewa yule mlegevu. Mbele ya kampuni amekuwa safi, kwani sharti lilihusu ukurasa ule tu, na mkataba hakuuvunja. Mfano wake ni mtu mwenye duka la milango miwili. Mlango wa mbele, unaotazama msikiti, huuza tende. Mlango wa nyuma, unaotazama kichochoro, huuza bangi. Akiulizwa husema, "Njooni mtazame mlango wangu wa mbele, una kosa gani?"

Sisi watu wa pwani tuna ukumbusho wetu katika jambo hili. Qurani Tukufu, katika Suratul Aaraf, imetaja habari za watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliovuka mpaka katika siku ya Sabato, siku ambayo walikatazwa kuvua. Wafasiri wanasimulia kwamba wako miongoni mwao waliotega kabla ya siku ile, samaki wakanasa siku iliyokatazwa, kisha wao wakaja kuwatoa siku ya pili yake, wakisema, "Sisi hatukuvua siku ya Sabato." Mvuvi wa kwetu hana haja ya kufafanuliwa kisa hiki. Yeye ajua kwamba dema haliendi baharini kwa miguu yake. Aliyelitega ndiye aliyevua, hata kama wakati samaki anaingia yeye alikuwa amelala kwake.

Sasa nieleze ubaya wa hila hii, na ubaya wake wa kwanza ni wa kidunia, unaoonekana kwa macho. Dalali asiyeuliza ukurasa wako una nini, hamuulizi pia mtangazaji wake ameleta nini. Mlango aliokufungulia wewe utoe uchafu wako ndio huo huo anaouingizia uchafu wa wengine. Hebu fikiri: wafanya biashara wenye kuogopa kuharibu majina yao wamekwisha kuukimbia ukurasa ule. Nani basi aliyebaki wa kuununua? Wamebaki wasio na jina la kuharibika: nyumba za kamari, wauza dawa za uongo za nguvu za kiume, wenye picha za uchi, na matapeli wanaomtisha mama wa watu kwamba simu yake imeingia virusi, abonyeze hapa upesi. Hao ndio wageni uliowaalika. Na wageni hao hawakai walipowekwa. Liko tangazo linalofungua dirisha jipya chini ya ukurasa, msomaji asilione mpaka amalize kusoma. Liko linalomwomba msomaji ruhusa, naye kwa kutojua akabonyeza "ruhusu", na tangu hapo matangazo yakawa yaja katika simu yake hata usiku, na tovuti ameifunga zamani.

Na simu hiyo ni ya nani? Katika nyumba zetu simu moja hutumiwa na watu wanne. Baba asoma habari za mpira, mama atafuta mapishi ya futari, kijana atafuta masomo, na mtoto wa miaka saba huichezea wote wakiwa wamelala. Tangazo aliloliruhusu baba kwa kidole chake mchana ndilo litakalomtokea mtoto jioni.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba hila hii ni ngeni. Katika miaka ya 1990 huko Marekani palikuwa na tovuti iitwayo Tripod, iliyowapa watu wa kawaida nafasi ya kuweka kurasa zao, nayo ikapata fedha kwa matangazo. Kampuni moja ya magari iligundua kwamba tangazo lake limewekwa katika ukurasa wa mambo machafu ya faragha, ikaja juu. Fundi mmoja wa Tripod, jina lake Ethan Zuckerman, akabuni njia: tangazo lisikae ndani ya ukurasa, bali lichomoze katika dirisha lake peke yake, ili lisionekane kuwa na uhusiano na yaliyoandikwa pale. Hivyo ndivyo lilivyopatikana lile dirisha linalochomoza ghafla, ambalo limeudhi watu dunia nzima. Mwaka 2014 Zuckerman mwenyewe aliandika hadharani akaomba radhi kwa kazi ile.

Zingatia walichofanya. Walitengana na ukurasa kwa macho tu, na fedha yake wakaendelea kuichukua. Hila ya leo ni mtoto wa hila ile.

Na liko jambo jengine la kututia haya. Mwaka 2017 gazeti la The Times la London lilifichua kwamba matangazo ya makampuni makubwa yalikuwa yakionekana pamoja na video za watu wenye siasa kali katika YouTube. Makampuni mengi yaliondoa matangazo yao, na serikali ya Uingereza nayo ikasimamisha ya kwake. Watu hao hawakuongozwa na fatwa. Waliogopa tu wateja wao watasemaje wakiliona jina la bidhaa limekaa pahali pabaya. Ikiwa mwuza sabuni aogopa jina la sabuni yake kukaa karibu na uchafu, sembuse wewe, ambaye unaweka hapo jina lako, na jina la baba yako, na chakula cha watoto wako?

Ubaya wa pili ni wa dini, na huu ndio mzito. Ulevi na kamari vimekatazwa pamoja katika Suratul Maida, aya ya 90, wala hapana mwanazuoni asiyejua hayo. Na Mtume (S.A.W.) katika ulevi hakumlaani mnywaji peke yake. Wapokezi wa Hadithi, miongoni mwao Tirmidhi na Ibn Majah, wametaja kwamba aliwahesabu watu kumi, akiwemo mwenye kuubeba, na mwenye kupelekewa, na mwenye kula thamani yake. Mbebaji huenda hakuuonja hata tone, lakini bila mabega yake usingalifika. Basi niambie wewe, mwenye tovuti unayebeba tangazo la nyumba ya kamari na kulifikisha katika simu ya kijana wa Majengo au wa Ng'ambo, wewe ni nani katika hesabu hiyo?

Tena sikiliza hili. Katika matangazo ya kamari iko mikataba ambayo aliyemleta mchezaji hupewa fungu katika fedha anazozipoteza mchezaji huyo. Si kwa kubonyeza tu, wala si kwa kujiandikisha tu. Kila anapopoteza, wewe wapata. Maana yake ni kwamba siku kijana wa jirani yako anapocheza nauli, riziki yako imeongezeka. Anapocheza ada ya shule ya mdogo wake, imeongezeka tena. Anapouza simu yake, wewe huenda umenunua mchele wa Idi. Mwenye kula fedha hii hawezi hata kumwombea dua jirani yake atengenekewe, kwani akitengenekewa, yeye atakosa. Hata serikali, ambazo hutoza kodi katika kamari, zimefika pahali zikaona mambo yamezidi. Mwezi wa Aprili 2025 bodi ya serikali ya Kenya iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Serikali imeona hatari katika tangazo, na Mwislamu ataka kuambiwa kwamba tangazo ni karatasi tu?

Najua majibu yatakayotolewa, kwani vijana wenye kazi hii wamekwisha kunijibu.

Wako wasemao, "Mwalimu, masharti ya Google si sharia ya Mwenyezi Mungu. Kwani akikataa yeye ndiyo imekuwa haramu?" Neno hili ni la kweli, nami nalikubali lote. Google si mufti. Yako aliyoyaruhusu nasi kwetu ni haramu: mikopo ya riba yatangazwa mchana, na kamari pia hutangazwa kwake katika nchi zilizotoa leseni. Na yako aliyoyawekea mipaka nasi kwetu ni ilimu. Mwalimu huandika masuala ya hedhi, na nifasi, na josho la janaba, na haki za mume na mke, na mashine huenda ikayaona maneno ikadhani ni upuuzi. Mwengine huonyesha majeruhi wa vita ili watu wajue dhuluma, ukurasa ukatiwa katika mambo ya kutisha.

Lakini tazama neno hili linakwenda wapi. Ikiwa kukataa kwa Google si hoja ya uharamu, basi kukubali kwa dalali wa pili si hoja ya uhalali. Huwezi kuipindua mizani ikukatae upande mmoja na ikupendelee upande wa pili. Ukurasa ulikuwa halali au haramu kabla dalali yeyote hajauona. Swali hilo ni lako, nawe ndiwe utakayeulizwa. Ikiwa ukurasa ni wa picha za wanawake waliovuliwa heshima, au wa kufundisha watu ubashiri wa kamari, dawa yake si dalali mwengine. Dawa yake ni kuufuta. Na ikiwa ukurasa ni wa ilimu na umeonewa na mashine, basi iko njia ya kumwandikia dalali autazame upya. Akishikilia kukataa, uache ukurasa huo bila tangazo lolote. Ukurasa usio na tangazo haukufa. Wazee wetu walichimba visima misikitini wala hawakuweka mtu wa kutoza pesi kwa kila ndoo. Masuala ya josho la janaba yakisomwa bure na watu elfu, hiyo ni sadaka inayoendelea. Yakisomwa na watu elfu pamoja na tangazo la mwanamke aliye uchi pembeni, hiyo ni fedheha kwa aliyeandika na kwa aliyesoma.

Wako wasemao, "Mimi sikuliandika tangazo, wala silioni, mashine ndiyo inayoliweka." Huyu nimemjibu kwa dema, naye ajua. Lakini namwongeza swali: ukimpa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba yako, akaingiza humo watu usiowajua, je, utawaambia majirani kwamba wewe ulikuwa safarini?

Na wako wasemao, nao ndio nawahurumia, "Kazi hakuna, na nyumba yanitazama." Ndugu yangu, sikuandika maneno haya kukufungia mlango wa riziki. Kubadilisha dalali peke yake si haramu. Google hatoi malipo mpaka yafike dola 100, na tovuti ndogo yaweza kukaa miezi haijazipata. Mtu akimwacha kwa sababu hiyo akaenda kwa dalali mwengine aliye muaminifu, hana kosa. Kinachokatazwa ni kumtafuta dalali kwa sifa moja tu, kwamba haulizi.

Basi kipimo chako kiwe hiki. Kabla hujaweka maandishi yake katika kurasa zako, mwulize: je, naweza kufunga matangazo ya kamari, na pombe, na uchi? Madalali wenye heshima wana makufuli hayo, na Google mwenyewe anayo, ila yampasa mwenye tovuti aingie ahakikishe mwenyewe kwamba yamefungwa, nao wengi wetu hawajaingia hata siku moja. Dalali asiye na kufuli, mwache. Akiwa nalo, lifunge, kisha usiridhike na simu yako peke yako, kwani matangazo hutofautiana mtu na mtu. Fungua tovuti yako katika simu ya mama yako na ya dada yako, leo na kesho na keshokutwa, ukakae karibu nao watazame. Ukiona wataka kuinyakua simu, jibu umelipata.

Na iko njia ya zamani ambayo haina mashine wala mnada. Nenda kwa mwenye duka la kanga, kwa fundi wa kanzu, kwa wenye kusafirisha mahujaji, kwa shule, kwa muuza madawa mwenye leseni. Mwambie, "Tovuti yangu yasomwa na watu kadha wa kadha, nipe tangazo lako la mwezi mmoja kwa kiasi hiki." Tangazo hilo utaliona kwa macho yako kabla halijaonekana na mtu. Fedha yake labda itakuwa ndogo mwanzo, lakini utaila hali ya kuwa wajua imetoka mkono gani.

Neno la mwisho ni kwa wazee wenzangu. Mama akiletewa samaki, humfunua shavu akamtazama, akauliza amevuliwa lini. Nyama huulizwa imechinjwa na nani. Lakini kijana akija na fedha ya simu akaiweka mkononi, hapana aulizaye lolote, bali husema "Mwanangu, Mungu akuzidishie," akaikunja akaifunga katika pindo la kanga. Waulizeni watoto wenu. Si kwa ukali, kwani wengi wao ni watoto wema waliofundishwa hila na watu wasiowajua. Waambieni, "Nionyeshe ukurasa uliotuletea fedha hii." Kijana akiufungua bila ya kusita, kuleni kwa raha. Akianza kueleza mambo ya mitambo kabla hajaufungua, basi mjue pana mlango wa nyuma.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, awape vijana wetu kazi zisizowaaibisha, na aihifadhi nyumba ya kila mwenye kuyasoma haya na kila kinachoingia humo bila ya kubisha hodi. Amin.